Simba limeshachukuliwa: namna ya kumpa jina mhusika wako wa gemu

"Nacheza Skyrim kwenye kompyuta, na kila nikianza gemu mpya nakwama pale pa kuandika jina. Mhusika wangu wa sasa nilimwita Shujaa. Nimefika leveli ya 30 na kila nikiliona jina hilo naona aibu. Kwenye World of Warcraft nilitaka Simba, nikaambiwa limechukuliwa. Simbaa na Simbaaa nayo hola. Sasa rafiki zangu wanahamia Final Fantasy XIV na wananisubiri. Mmoja anasema majina ya Kiswahili hayaendani na dunia za majoka na wachawi, nitumie tu mashine za kubuni majina mtandaoni. Mwingine anadai jina linaathiri bahati ya mhusika. Moyoni ningependa kutumia jina la marehemu babu yangu, ila nasita. Nifanyeje? Na hilo la Shujaa linabadilishika?"

Ndugu msomaji, naanza na Shujaa, maana hilo ndilo linalofungua mengine yote.

Halikukuchosha kwa sababu ni la Kiswahili. Limekuchosha kwa sababu ni cheo cha kazi. Gemu za aina hii, ambamo mchezaji anaumba mhusika wake na kumkuza, zinampa kila mchezaji ajira moja tangu dakika ya kwanza: kuwa shujaa. Ukimwita Shujaa, Mpiganaji, Muuaji au Mfalme, unarudia kile ambacho gemu inakwambia kila saa, na baada ya siku chache neno halibebi tena kitu. Angalia majina yetu yenye maana: Mashaka, Chausiku, Masika, Majaliwa, Sikujua. Yanasema mtoto alizaliwa lini na nyumba ilikuwa katika hali gani. Hayasemi atafanya nini ukubwani. Hapo ndipo siri ilipo. Jina linaloeleza mhusika alikotoka linadumu kwa saa mia moja. Linalotangaza atakachofanya linachakaa kabla hajakifanya.

Kulibadilisha inawezekana, kwa kuwa unachezea kompyuta. Kwanza simama mahali palipotulia, pasipo na vita, kisha hifadhi gemu kwenye nafasi mpya kabisa. Bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc. Litafunguka dirisha la amri. Andika showracemenu kama lilivyo, neno moja, kisha Enter, halafu funga dirisha kwa kitufe kilekile. Itarudi ile skrini ya kuchonga uso. Usiguse kabila (yaani aina ya kiumbe uliyochagua: binadamu, mtu-paka na kadhalika), maana kulibadilisha katikati ya safari kunaweza kuvuruga ujuzi na uhai ulioujenga. Thibitisha, andika jina jipya, hifadhi tena kwenye nafasi nyingine. Kama mhusika wako ni vampaya, jitibu kwanza: ndani ya gemu vampaya huhesabiwa kama kabila tofauti, na skrini hiyo ikimkuta hivyo huleta vurugu. Na usifute sevu ya zamani mpaka ucheze muda wa kutosha kuona mambo yako sawa. Anayechezea PlayStation au Xbox hana dirisha hilo la amri.

Sasa dai la rafiki yako kwamba Kiswahili hakiendani na dunia hizo. Silikubali, ila naona linakotoka. Kinachogongana si lugha, ni kabila. Waliotunga gemu hizi walilipatia kila kabila desturi yake ya majina, na mchezaji asiyeitazama desturi hiyo hujikuta na jina lililoning'inia hewani, liwe la Kiswahili, la Kiingereza au la Kijapani.

Chukua hiyo hiyo Skyrim. Wenyeji wake, Wanord, wanaitwa Ulfric, Balgruuf, Hadvar, Ralof: silabi mbili, konsonanti zimebanana, mwisho umefungwa. Mwajuma akisimama kati yao ataonekana mgeni. Hilo si kosa kama ndivyo ulivyokusudia, ila likusudie. Nenda kwa Waredguard, watu wa Hammerfell, ukutane na Nazeem, yule mwenye majivuno wa mji wa Whiterun, na Saadia anayehudumu pale baa. Masikio ya mtu wa pwani hayahitaji kuelezwa zaidi. Saada, Nassoro, Rukia, Mbarouk: yanaingia bila kubadilishwa hata herufi. Kwa Waorc mwanamume huitwa mwana wa fulani kwa kiungo gro-, na mwanamke kwa gra-, kama mtunza maktaba wa Winterhold, Urag gro-Shub. Ni bin na binti tu hiyo. Kwa Wakhajiit, watu-paka, kile kipande kilichokatwa kwa koma ya juu mara nyingi hubeba hadhi. Ri' ni ya kiongozi, na ndiyo maana mkuu wa msafara wa biashara anaitwa Ri'saad. Kwa hiyo ukimwita paka wako mwizi asiye na makao Ri'kitu-fulani, umempa uongozi bila kujua.

Ninaowapenda zaidi kwa mchezaji wa Kiswahili ni Waargonian, watu-mijusi. Baadhi yao majina yao ni sentensi nzima iliyofungwa kwa vistari: kwenye gati la Windhelm utamkuta Scouts-Many-Marshes, na mwenzake Stands-In-Shallows. Kiswahili kimezaliwa kwa kazi hii. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na tendo, kwa hiyo Apitaye-Kimya au Asiyezama linakaa kama lilitungwa na wenyewe. Jaribu pia Hulala-Majini. Kinachoharibu hapa ni urefu tu: maneno matatu yatosha, la nne linageuka methali.

Njia ya kufuata ni fupi. Ukishachagua kabila, tafuta majina matatu ya wahusika wa kabila hilo na jinsia hiyo, uyatamke kwa sauti. Hesabu silabi. Sikiliza yanavyoishia, kwa vokali au konsonanti, na kama kuna ukoo au kiungo katikati. Kisha chukua neno lako, la Kiswahili au la lugha ya nyumbani, ulipitishe kwenye mkondo huohuo. Tuseme unataka Mnord na umependa Ngurumo. Wanord hawaanzi na ng, toa n. Wanafunga mwisho, funga. Silabi mbili, kata. Unabaki na Gurum, na ukimpa mwisho wao wa -ar anakuwa Gurmar. Wenzako watamwona Mnord halisi, wewe utaisikia radi. Ambacho hakisaidii ni kumwaga x, z na koma za juu ili jina lionekane la ajabu. Jina ambalo wewe mwenyewe hulitamki mara mbili kwa namna ileile, utaacha kulitamka.

Tuje kwenye Final Fantasy XIV, gemu ya kucheza na wengine mtandaoni, maana huko ndiko mnakoelekea. Lazima uandike jina na ukoo. Kila kimoja kiwe na herufi 2 hadi 15, na jumla isizidi 20. Kisichotakiwa kufanana na cha mwingine ni jina kamili ndani ya seva yako (ile dunia ya mtandaoni mnayochezea pamoja), kwa hiyo hata kama wapo Zawadi mia, Zawadi wako akiwa na ukoo wake anapita. Watengenezaji wametangaza kanuni za majina kwa kila kabila. Si sheria, hakuna atakayekufukuza, ila zinasaidia mno.

Na hapa kuna zawadi kwa Simba wako. Wapo Walalafell, watu wafupi kama watoto, na tawi lao la jangwani linaitwa Dunesfolk. Wanawake wa tawi hilo hurudia silabi ya kwanza ya jina, kisha ukoo unarudia jina bila ule mkariri. Sultana wao ni Nanamo Ul Namo. Mwenye baa mashuhuri wa mji wao wa Ul'dah ni Momodi Modi. Pitisha Simba kwenye mkondo huo: Sisimba Simba. Herufi saba na tano, jumla 12, ndani ya kanuni, na anayeijua desturi ataliona limekaa sawa. Tatabu Tabu nalo linapita, na Shishida Shida pia, kama unapenda kicheko kidogo. Usilibandike hilo kwa Roegadyn wa Sea Wolves, wale majitu wa baharini. Amiri wa mji wa bandari wa Limsa Lominsa anaitwa Merlwyb Bloefhiswyn, na ule mwisho -wyn unamaanisha binti wa, kama -syn ilivyo kwa mwana wa. Sauti zao na zetu hazikai chungu kimoja. Ukiwataka hao, tumia mizizi yao wenyewe.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamechelewa. Katika Final Fantasy XIV maandishi ya mazungumzo hukuita kwa jina lako la kwanza mara kwa mara, lakini waigizaji wa sauti hawalitamki kamwe. Sababu ni ya kiufundi: sauti zilirekodiwa kabla hujalibuni jina. Ndiyo maana Skyrim inakuita Dragonborn, na Dragon Age: Inquisition ya 2014 ikakupa ukoo uliopangwa kwa kabila lako, Trevelyan kwa binadamu, Cadash kwa mtu mfupi wa migodini, ili waigizaji wawe na kitu cha kutamka. Matokeo kwako ni haya: jina la kwanza litakuwa linasomwa ndani ya sentensi za huzuni, za hasira na za mapenzi. Lijaribu. Andika "Samahani, fulani, hatukumwokoa ndugu yako," kisha weka jina lako hapo. Kama umecheka, tafuta jingine, isipokuwa kucheka ndiko unakokutaka.

Kuhusu Simba kwenye World of Warcraft, tatizo lako si bahati mbaya. Gemu hiyo, nayo ya mtandaoni, ipo tangu 2004, jina linaruhusiwa herufi 2 hadi 12 tu, bila nafasi, bila tarakimu, bila kistari wala koma ya juu. (Ndiyo, wahusika wao wenyewe wanaitwa Vol'jin na Sen'jin, ila wewe hiyo koma hupewi.) Maneno mafupi yanayojulikana duniani yalikwisha zamani kwenye seva kubwa. Kuongeza a mwishoni ni suluhisho baya kwa sababu ya vitendo kabisa: anayetaka kukualika kwenye kundi au kukutumia barua lazima aandike idadi ileile ya a. Kuweka alama juu ya herufi, Sîmba, ni vibaya zaidi, maana rafiki yako anayetumia kibodi ya kawaida hatajua aianzie wapi. Badala ya kurefusha herufi, hama neno. Mtoto wa simba kwa Kiswahili cha washairi ni shibli. Kwa Kiluo simba ni sibuor. Ntare, lenye maana hiyohiyo, lilibebwa na wafalme kadhaa wa Burundi. Yote yanaingia kwenye herufi 12, na uwezekano wa kuyakuta wazi ni mkubwa kuliko Simba. Kama lugha si yako, muulize mwenye lugha kabla hujalibandika. Kamusi haikwambii kama neno hilo leo ni kejeli mtaani.

Mashine za kubuni majina sizipingi, ila watu wanazitumia kinyume. Nyingi zinachukua vipande kutoka orodha na kuviunga. Haziijui dunia ya gemu yako na hazijui Kiswahili. Inaweza kukuletea Mavi kwa furaha zote, ikiamini imekupa jina la mchawi, na wewe ndiye utakayelibeba mbele ya wenzako wa Tanga. Iombe majina thelathini, uyasome kuona muundo wake, kisha uifunge na utunge lako. Kabla ya hapo bonyeza kile kitufe cha jina la nasibu kilichomo ndani ya gemu yenyewe, World of Warcraft na Final Fantasy XIV zote zinacho. Hicho kinafuata kabila ulilochagua, kwa hiyo kinafundisha zaidi.

Habari ya jina kuathiri bahati ina mzizi wa kweli, basi usimcheke aliyekwambia. Katika Dragon Quest ya kwanza, iliyotoka Japani 1986 na kufika Marekani 1989 kwa jina Dragon Warrior, herufi nne za mwanzo za jina ziliingizwa kwenye hesabu iliyoamua namna nguvu, wepesi na uhai wa mhusika vinavyokua. Wachezaji walikuwa wakichagua herufi kwa manufaa. Katika gemu tatu ulizozitaja hakuna kitu kama hicho. Jiite utakavyo.

Kinachoweza kukusumbua ni kichujio cha matusi. Vichujio vibovu havisomi neno zima, vinatafuta vipande ndani yake. Mfano maarufu ni gemu za Dark Souls: mchezaji aliyejiita Knight alionekana kwa wengine kama K***ht, kwa sababu herufi tatu za katikati ni mwanzo wa tusi la kibaguzi kwa Kiingereza, na hiyo ni ingawa Knight ni daraja rasmi ndani ya gemu hizohizo. Kwetu wanaoweza kuumia ni kina Hassan, Kassim na Nassoro, wenye kipande kinachosomeka kama neno la makalio, na kina Dickson, ambao hata sielezi. Skyrim haina shida hiyo, unacheza peke yako. Mtandaoni, jina likikataliwa bila sababu, likate vipandevipande vya herufi tatu au nne uangalie kama kimoja ni tusi la Kiingereza. Mara nyingi kubadilisha herufi moja kunatosha: Kasim, Nasoro.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba vichujio vingi havijui matusi ya Kiswahili, na wapo wanaojiona wajanja kwa hilo. Wasomaji wa Kiswahili wamo kwenye seva hizo, kutoka Mombasa hadi Muscat. Ripoti moja ikithibitishwa, unalazimishwa kubadili jina, na akaunti inaweza kusimamishwa.

Sasa babu. Hili sikufanyii haraka. Mhusika wa gemu hufa mara nyingi, huangushwa na nyoka wa porini kwenye dakika ya tano, na mtandaoni kuna watu watakaomtukana kwa jina kwenye gumzo bila kujua wala kujali ni la nani. Kuna familia ambazo jina la marehemu kupewa mjukuu ni heshima, na kulisikia likitajwa kwenye mchezo kungewafurahisha. Kuna nyingine ambazo hilo ni mzaha usiosameheka, hasa kama jina linaambatana na tambiko au uongozi wa ukoo. Mimi nje siwezi kujua yenu ni ipi. Kwenye Skyrim, ambako hakuna anayeona ila wewe, sioni ubaya. Kwa mtandaoni ningelitumia kwa kuligeuza: chukua jina lake la utani la ujanani, au kijiji alichozaliwa, ulifanye ukoo wa mhusika, na jina la kwanza libuni. Kumbukumbu inabaki, na anayetukana anatukana Gurmar. Lakini kabla ya hapo keti na baba au shangazi, uwaulize ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Wakikunja uso, umeshajibiwa.

Tahadhari inayofanana inahusu jina lako mwenyewe. Wahusika wa Final Fantasy XIV wana ukurasa wa wazi mtandaoni, unaoitwa Lodestone, na wa World of Warcraft nao wanatafutika. Ukiandika jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye kitambulisho, yeyote atakayekutafuta, awe mwajiri au mtu asiyekutakia mema, anaweza kuona unacheza gemu gani na umefika leveli gani. Kwa mtoto au mdogo wako ndiyo kabisa: asiweke jina halisi, shule wala mwaka wa kuzaliwa. Akianza kusumbuliwa na mtu anayemwita kwa jina lake la kweli, hilo si suala la jina tena. Piga picha za skrini, mripoti mtu huyo ndani ya gemu, na mzazi ahusishwe siku hiyohiyo. Vitisho vinavyotaja nyumbani au shuleni vipelekeni polisi.

Mwisho, usilipie kabla hujalizoea. Kubadili jina kwenye gemu hizo mbili za mtandaoni ni huduma ya kulipia, lakini kumfuta mhusika wa saa moja na kumuumba upya ni bure. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure. Muumbe mhusika, cheza utangulizi, ulale, urudi kesho yake. Kama jina linakukera tayari, futa uanze tena kabla hujajiunga na chama cha wenzako. Na ukija kulazimishwa kubadili jina ambalo unaamini ni halali, labda kwa sababu mtu wa huduma kwa wateja hajui kwamba Kassim ni jina la watu, andika rufaa kupitia barua pepe ileile iliyosajili akaunti, ueleze kwa sentensi mbili ni jina la wapi, na usifungue akaunti ya pili wakati unasubiri jibu.